Mwaka Nilioupa Ukuta Mgongo

Bi Rukia amefariki, na mazishi yake sikuyawahi. Habari ilinikuta Dar es Salaam nimepanga foleni kuthibitisha kwamba mimi mstaafu bado niko hai, na kabla sijafika dirishani alikuwa ameshawekwa kaburini, maana kwetu maiti hamngoji profesa. Nikaapa arobaini haitanipita. Basi juzi nikapanda kile kindege, nikashuka Kilindoni, nikakodi bodaboda mpaka Baleni na nyonga zangu hizi mbovu. Kijana wa bodaboda akaniuliza njiani, "Bibi, mgeni huku?" Nikamwambia, "Endesha, mwanangu, tazama mbele. Mimi nimekula muhogo wa hapa kabla baba yako hajaota meno." Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Nilipofika uani kwa marehemu, wanawake walikuwa wanachambua mchele na kumenya vitunguu. Wakanyanyuka wote kunipa kiti cha plastiki: "Shikamoo Profesa, karibu ukae Profesa." Kiti nikakikataa. Nikavuta mbuzi, nikakaa, nikaanza kukuna nazi. Siku ya kumwombea Bi Rukia siwezi kukaa kitini kama mgeni rasmi.

Nilipostaafu chuo kikuu walinifanyia sherehe, na kijana mmoja niliyemfundisha mwenyewe akasoma risala ndefu ya maisha yangu: zile kompyuta za zamani zilizojaza chumba kizima na kulishwa kadi zenye matundu, idara niliyoianzishia kwenye stoo ya viti vibovu, mpaka unaibu makamu mkuu wa chuo ulionizeesha. Kisha akaniuliza mbele ya watu, "Profesa, kompyuta ulianza kujifunza wapi?" Nikajibu, "Baleni, kisiwani Mafia. Nilikuwa mwali ndani, na kijiji hakina hata waya wa umeme." Ukumbi mzima ukacheka. Wakadhani bibi anatania. Mimi nikitania huwa naonekana, na siku ile sikuwa natania hata kidogo.

Ulikuwa wakati wa ujamaa. Watu walikuwa wamesogezwa karibu na barabara, kila kijiji kina mwenyekiti, na mwenyekiti wetu alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimevunja ungo, na kwa mila ya nyumba yetu nikawekwa ndani. Vijana wa leo nikiwaeleza hawaamini. Mwali wa nyumba ile haonwi na mtu, si mwanamume tu, hata mwanamke jirani haruhusiwi kumtia machoni, ila somo yake, yule mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda, kumlisha na kumlinda mpaka siku ya kumtoa nje. Na kutolewa nje maana yake ni kutolewa kwenda kwa mume. Somo yangu alikuwa Bi Rukia, mjane mrefu mkavu, mchache wa maneno, ambaye hata Baba Mkubwa alikuwa akimpisha njiani.

Chumba kile naweza kukichora leo nikiwa nimefumba macho. Kitanda cha kamba, mtungi wa maji, mkeka, kijungu cha liwa, msandali wa kusaga, aliyokuwa Bi Rukia akinisugua asubuhi na jioni. Sakafu ya mchanga mweupe uliochekechwa. Hakuna dirisha, ila ukuta wa fito na udongo haukufika juu mpaka kwenye makuti, ulikomea kimo cha mtu na nusu, na juu yake palikuwa wazi. Mwanga kidogo uliingia hapo, harufu ya samaki wa kukaanga ikaingia, na maneno ya watu wote yakaingia. Kazi sikufanya. Kula, ndiyo: ubwabwa wa nazi, samaki wa kupaka, uji wenye siagi ya kopo, "Kula, mwali, uwe na umbo." Nikanawiri kama kuku wa hitima. Nilichukia, jamani! Nilikuwa mtoto wa mbio na hesabu, leo nimekalishwa kunona. Nikishiba nilifuta mchanga kwa kiganja, nikapiga hesabu za kugawanya kwa kidole, nikazifuta, nikazipiga tena, ili kichwa kisije kikanona nacho.

Siku moja asubuhi nikasikia sauti ya mwalimu mkuu barazani. "Mwenyekiti, binti yenu Zuhura amechaguliwa sekondari. Ya bweni, Bara. Serikali inalipa kila kitu." Nikabandika sikio ukutani mpaka shavu likajaa udongo. Baba Mkubwa akakohoa, akasema, "Alhamdulillahi. Tutaona." Anayemjua Baba Mkubwa alijua kwamba "tutaona" yake ilikuwa hapana iliyovaa kanzu. Na kweli, mwalimu mkuu hajafika barabarani, nikamsikia Baba Mkubwa akimwambia shemeji yake, "Mtoto wa kike aende Bara kutafuta nini? Kuna posa hapa ya mtu mwenye dago la wavuvi kisiwani Shungimbili, mashua zake mwenyewe. Msimu ukiisha anarudi kuchukua jibu." Posa yangu mwenyewe nikaisikia kwa njia ya makuti. Nikaapa kwa Mungu, hapo hapo, kwamba mimi nitatoka chumba kile kwenda shule, si kwingine. Sikujua kwa njia gani. Niliyajua makusudio tu, na kusema kweli, katika maisha yangu kila nilichokipata nimekianzia hivyo.

Njia yenyewe ilianza kwa aibu ya Baba Mkubwa. Serikali ilitaka watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, na kila kijiji kiwe na darasa la kisomo la wanaume na la wanawake. La wanaume likapata ubao, chaki na mwalimu, kijana mtanashati kutoka Bara. La wanawake halikupata kitu. Vitabu vilikuwa havijavuka maji, na waume wote wakagoma wake zao kufundishwa na kijana yule mwenye mashati ya maua. Mwenyekiti akawa hana darasa la kuonyesha. Jioni moja, wanawake wamekaa uani kwetu wakisuka ukili, Mama Hadija, jirani yetu mwenye mdomo, akasema, "Mwalimu si yumo humo ndani? Miaka yote alisoma, sasa anakula bure tu." Baba Mkubwa akaguta, "Mwali haonwi!" Ndipo nikamsikia Bi Rukia, taratibu, kama anayehesabu shanga: "Mila imesema mwali asionwe, Mwenyekiti. Haikusema asisikike."

Nimekaa kwenye vikao vya chuo kikuu maisha yangu yote ya utu uzima, nimegombana juu ya kanuni na wanasheria wenye suti, na kila nilipoona wanataka kumkatalia mtu haki yake kwa kanuni isiyosema hivyo, nilikuwa nanyanyua mkono na kuuliza: "Kanuni imesema nini, na haikusema nini?" Walikuwa wakiguna, wakaniita mkorofi. Hawakujua wanagombana na Bi Rukia.

Basi nikaanza kufundisha. Wanawake wakakaa uani wameelekea ukuta wangu, kila mmoja amesawazisha mchanga mbele yake, nami ndani nimeelekea ukuta ule ule, naandika mchangani mwangu huku nawaeleza kwa sauti ninachokifanya. Nilimwomba Bi Rukia anipelekee nje mchoro, hata juu ya ungo wa unga. Akanitazama. "Mimi somo, si tarishi." Akatoka, akakaa kizingitini kulinda asije mtu akachungulia. Kwa hiyo herufi zote ilibidi niziseme kwa mdomo. Jaribu wewe. Jaribu kumweleza herufi ya K mtu ambaye hajawahi kuiona, na wewe humuoni. Na kwetu mtu hasemi kushoto wala kulia. Husema kusini, husema kibla, yaani kaskazini tunakoelekea tukiswali. Hata ukiwa na unga shavuni utaambiwa, "Futa shavu la kibla." Kwa hiyo nilisema: "Anzeni kusini, mwende kibla. Simamisha mti. Katikati ya mti toa tawi la juu, lielekee kibla. Toa na tawi la chini, lielekee kibla." Walinifuata kwa bidii ya ajabu. Niliwasikia wakivuta pumzi, wakibishana, Mama Hadija akiwakemea wenzake, "We, tawi lako linafanya nini huko? Kibla kasema!" Nilifurahi, nikajiona mwalimu kweli kweli.

Ndugu Afisa wa elimu akaja kukagua. Baba Mkubwa akavaa kofia mpya, wanaume wakajaa uani kutazama. Nikasikia Ndugu Afisa akisema, "Kina mama, niandikieni: Uhuru na Kazi." Vidole vikapita mchangani. Halafu kicheko, kwanza chake, kisha cha wanaume wote. "Mwenyekiti! Kina mama wako wameandika kinyumenyume! Kila herufi imegeuka, na neno limeanzia mwisho! Mnanichezea shere?" Akapanda gari lake akaenda zake. Baba Mkubwa akaja mpaka ukutani kwangu, nikasikia pumzi zake. "Umeniaibisha mbele ya Serikali. Kama shule ya hapa imekufunza hivi, hiyo ya Bara itakufunza nini? Akija tena akakuta upuuzi huu, darasa nafunga, na jibu la posa unalijua."

Hasira niliyokuwa nayo! Nikawalaumu wale wanawake ndani kwa ndani: wagumu, hawasikii, ndiyo maana hawakusoma. Nilitembea chumbani kuanzia mtungi hadi kitanda mpaka mchanga ukachimbika. Lakini siku ya pili nilijilazimisha kuketi, nikamwita Mama Hadija peke yake. "Mama Hadija, niambie unachofanya, moja moja, usiruke kitu." "Naanza kusini, kama ulivyosema." "Kusini kwako ni mkono gani?" "Huu wa kulia." "Na kibla?" "Kibla mkono wa kushoto, mtoto wee, au kibla nayo imehama?" Nikautazama ukuta. Mimi niliuelekea kutoka ndani, kibla ikawa kuliani kwangu. Wao waliuelekea kutoka nje, kibla ikawa kushotoni kwao. Hawakukosea hata kistari kimoja. Nikauliza, "Sasa mbona hamkushangaa kuandika kutoka kulia?" Mama Hadija akashangaa kweli. "Tushangae nini? Kurani si inaanzia huko huko?"

Miaka mingi baadaye, ugenini, nilisimama mbele ya ile mashine kubwa ya kadi, programu yangu ya kwanza imetoa upuuzi mtupu. Wenzangu walikuwa wakiitukana mashine. Mimi nilivuta kiti nikaanza kujiuliza ilichokisikia kutoka kwangu, neno moja moja, kwa sababu nilishamjua mtu anayefanya sawasawa na unavyomwambia na bado likatoka jambo usilolitaka. Mwalimu wangu wa kule alinisifu kwa uvumilivu. Uvumilivu gani! Nilikuwa na haraka kuliko wote. Nilikuwa tu nimeshalifanya kosa hilo mara moja uani, sikutaka kulirudia.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Niligeuka. Nikaupa ukuta mgongo, nikakaa nimeuegemea, natazama wanakotazama wao, kibla yangu na kibla yao zikawa mkono mmoja. "Haya, kina mama, tunaanza upya. Leo tunaanzia kibla tunakwenda kusini." Wakalalamika, wakacheka, Mama Hadija akasema serikali hii haina msimamo, lakini wakaanza. Na mpaka leo hiyo ndiyo siri yangu yote ya uongozi, kama watu wanavyoiita. Wanafunzi walipogoma nikapelekwa kuzungumza nao, nilitoka nyuma ya meza, nikaenda kukaa benchi lao, upande wao, nikatazama mbele wanakotazama wao. Kutoka pale utawala ulionekana mbaya sana, wallahi.

Wanawake wa Baleni wakawapita wanaume. Ndugu Afisa aliporudi, akawapa sentensi ngumu, wakaiandika bila kusita, na yeye akapiga makofi. Akampa Baba Mkubwa mkono, akamwambia kijiji chake ni cha mfano. Mimi ndani nikasujudu kushukuru. Nikajua nimeshinda, shule inafunguliwa karibuni, Baba Mkubwa ataita mwalimu mkuu. Nikaanza hata kukunja kanga zangu. Jioni ile wakaja wajumbe wa yule mwenye dago, msimu umeisha. Nikasikia Baba Mkubwa akicheka kicheko cha raha. "Ijumaa njooni na vigelegele vyenu. Na mjue mnachukua nini! Si mwali wa kawaida huyu, mwalimu! Hata Serikali inamjua." Kazi yote ile nimeifanya, kumbe nimejipambia soko.

Bi Rukia alipoingia na liwa, nilimshika miguu. "Somo yangu, mimi siendi kwa yule mtu. Nataka shule. Nataka shule, Bi Rukia, nitakufa humu." Nililia kilio cha kwikwi, bila haya. Hakunikemea, hakunibembeleza. Akanisugua liwa mabegani, taratibu, kama kila siku, akaniosha uso, akasema, "Kula wali wako." Basi. Nilimchukia usiku ule kuliko Baba Mkubwa.

Ijumaa baada ya sala wageni wakajaa barazani, ngoma ikalia. Bi Rukia akanivika kanga mpya, akanifunika gubigubi, akanishika mkono akanitoa. Jua lilinichoma macho hata chini ya kanga. Wanawake wote wa kisomo walikuwa wamepanga mistari, wanaimba nyimbo za kumtoa mwali, tukapita katikati ya baraza, mbele ya wajumbe waliokwisha kunyanyuka kunipokea. Tukawapita. Nikaona kwa chini miguu yao na makubazi yao, kisha sikuiona tena. Tulikuwa tunaelekea barabarani, ambako lori la nazi la ushirika lilikuwa limesimama linanguruma, na sanduku langu liko juu ya magunia. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa mbele, anatazama dirishani kama haoni kitu. Baba Mkubwa akaja mbio, kofia mkononi. "Bi Rukia! Unampeleka wapi mwanangu?"

"Namtoa," akasema Bi Rukia. "Kwani kazi yangu nini?"

"Mume wake yuko huku!"

"Mila imesema mwali hutolewa na somo yake, Mwenyekiti. Haikusema apelekwe wapi."

Baba Mkubwa akawatazama wanawake, wake wa wazee wenzake wote, wamesimama baina yake na lori. Mama Hadija akasema kwa sauti tamu, "Au tumwandikie Ndugu Afisa aje aamue, Mwenyekiti? Kuandika tunajua siku hizi." Watu wakacheka, hata wanaume. Baba Mkubwa akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Tutaona," akasema, na hiyo ndiyo "tutaona" yake pekee niliyowahi kuisikia ikimaanisha ndiyo. Bi Rukia akanipandisha juu ya magunia ya nazi. Lori likaondoka, na yeye akageuka kwenda zake bila kupunga mkono.

Nilikuwa nikirudi likizo, namsalimu, namletea kanga. Alinipokea vizuri, maneno machache vile vile, na habari ya kisomo hatukuigusa kamwe. Nilidhani hakuwa na haja nayo. Siku zote zile alikaa kizingitini akilinda tu. Basi juzi, nazi zangu zimekwisha, mjukuu wake akaleta sufuria kubwa ya pilau, ya zamani, imepondeka ubavuni. Mwanamke mmoja mgeni akaizungusha kutafuta jina, maana sufuria za shughuli huchanganyika, akasema, "Hii irudisheni, si ya hapa. Tazama maandishi, sijui ya lugha gani." Mjukuu akacheka. "Ya Bibi hiyo. Zote kaziandika hivyo mwenyewe kwa msumari, nukta kwa nukta. Tulimwambia, 'Bibi, jina umeligeuza, watu hawasomi.' Akatujibu, 'Mwali wangu alisema nianzie kusini niende kibla. Anayetaka kusahihisha akamsahihishe yeye.'"

Niliomba sufuria ile wanisogezee. Kwa nje lilikuwa jina la kinyumenyume, R na K zimetazama nyuma, kama yale yaliyomchekesha Ndugu Afisa. Nikainamisha kichwa ndani, nikapitisha kidole mahali ambapo msumari ulikuwa umetoa vipele upande wa pili. Kutoka ndani lilisomeka vizuri kabisa, kushoto kwenda kulia, R hadi A: RUKIA. Nililia humo humo ndani ya sufuria, na wanawake wakaniambia, "Pole Profesa, vitunguu vya siku hizi vikali."